Kwotabeki wa mwaka wa kwanza: aanze moja kwa moja au avalishwe shati jekundu?

Mchambuzi wa Columbus

Wakuu, salaam. Msimu wa 2025 wa futiboli ya Marekani ya vyuo umeufufua ubishi ambao huku Ohio hauishi: kwotabeki, yule anayeongoza ushambuliaji na kurusha mpira, acheze mwaka wake wa kwanza chuoni au akae kwanza? Michigan walimkabidhi timu Bryce Underwood tangu mechi ya kwanza, kijana aliyekuwa sekondari mwaka mmoja kabla. Ohio State walikuwa na Julian Sayin, ambaye 2024 alikaa nyuma ya Will Howard akitazama na kujifunza huku timu ikitwaa ubingwa wa taifa. Mwisho wa Novemba wakakutana Ann Arbor: Ohio State 27, Michigan 9.

Kwa wageni wa mchezo huu, kanuni iko hivi. Mchezaji wa chuo ana miaka mitano ya kucheza misimu minne. Ule mwaka wa ziada ndio wa shati jekundu: unasoma, unafanya mazoezi na timu, unalipiwa masomo, lakini msimu hauhesabiwi. Tangu 2018 unaweza hata kucheza mechi zisizozidi nne na bado mwaka ukahesabiwa kuwa wa kukaa.

Msimamo wangu: akae. Sekondari nyingi kocha anapanga kila kitu kutoka pembeni na kijana anatazama nusu ya uwanja tu. Chuoni, kabla mpira haujatoka, anatakiwa ajue beki gani anakuja kumvamia, awaelekeze walinzi wake wamzuie nani, na awe na jibu tayari kama mabeki wa nyuma watabadilika dakika ya mwisho. Mambo hayo hayaji kwa kipaji cha mkono. Na muda wenyewe ni mdogo, maana chuo hakiruhusiwi kumfanyisha mazoezi zaidi ya saa 20 kwa wiki msimu ukiendelea. Anayecheza Jumamosi anazitumia zote kujiandaa na mpinzani mmoja. Anayekaa anapata nafasi ya kujifunza mchezo wenyewe.

Leteni hoja.

Nyamwezi Houston

Mkuu, heshima yako, ila mechi moja ya Ann Arbor haitoshi kunishawishi.

Jamelle Holieway aliipa Oklahoma ubingwa wa 1985 akiwa mwaka wa kwanza. Jalen Hurts aliingia mechi ya kwanza ya Alabama 2016 dhidi ya USC, akaichukua timu, akaifikisha fainali bila kupoteza. Walifungwa na Clemson 35 kwa 31 ikiwa imebaki sekunde moja. Trevor Lawrence wa Clemson 2018 akamaliza 15 kwa 0, yaani ushindi 15 bila kupoteza, na kuichapa Alabama 44 kwa 16. Hawa wote wangekaa mwaka mzima, nani angefaidika?

Tena dunia imebadilika. Zamani kocha alimkalisha kijana akijua atakuwa naye miaka mitano. Siku hizi kuna potali ya uhamisho, ile orodha wanakojiandikisha wanaotaka kuhama chuo, na tangu 2021 wachezaji wanalipwa kwa jina na sura zao. Unamlea mwaka mzima, Januari anabeba mabegi anakwenda kumchezea mwingine. Justin Fields alikaa nyuma ya Jake Fromm pale Georgia msimu wa 2018, mwaka uliofuata alikuwa Ohio State anawapigia nyinyi tachidauni, yale mabao ya pointi sita. Georgia walipata nini?

Aliye bora acheze.

Kipanga

Naongeza jambo moja ambalo watu hulisahau. Wengi wa hao mashujaa wa mwaka wa kwanza hawakupangwa kuanza. Holieway aliingia kwa sababu Troy Aikman alivunjika mguu dhidi ya Miami. Fromm mwenyewe alipata nafasi Georgia 2017 baada ya Jacob Eason kuumia mechi ya kwanza. DJ Lagway pale Florida 2024, ni goti la Graham Mertz. Kwa hiyo kocha hachagui kila mara. Mara nyingi jeraha ndilo linalomchagulia, na kijana aliyeambiwa "wewe mwaka huu ni wa kukaa" akalegea ndiye anayeiangusha timu siku hiyo.

Mama Tariq

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mimi nauliza kama mzazi. Kijana wangu yuko sekondari hapa Texas, anacheza nafasi hiyohiyo, na makocha wa vyuo wameanza kupiga simu. Kila mmoja anamwambia atacheza mara moja. Baba yake amefurahi sana. Mimi nataka kujua habari ya shahada, maana nawasikia mnazungumza mechi tu.

Mchambuzi wa Columbus

Dada, umegusa penyewe. Mwaka wa kukaa ni mwaka wa tano wa masomo unaolipiwa. Anayeutumia vizuri anamaliza shahada ya kwanza ndani ya miaka mitatu au minne na kuanza ya pili akiwa bado mchezaji.

Mfano mzuri ni Joe Burrow. Alivalishwa shati jekundu Ohio State 2015, akakaa benchi miaka mingine miwili, na 2018 alipoona Dwayne Haskins amepewa timu, alikuwa tayari na shahada mkononi. Wakati ule mchezaji akihama kwa kawaida alilazimika kukaa nje mwaka mzima, isipokuwa aliyekwisha hitimu. Shahada ndiyo iliyomfungulia mlango wa LSU acheze mara moja. Msimu wa 2019 alirusha tachidauni 60, akashinda mechi 15 kati ya 15, akachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, na ubingwa.

Nyamwezi Houston

Burrow alikaa miaka mitatu, mkuu, na chuo kilichomlea hakikuvuna chochote. Unanisaidia hoja yangu.

Mchambuzi wa Columbus

Sisemi Ohio State walivuna. Nasema kijana alivuna, na mama ameuliza habari ya kijana.

Kocha wa Laini

Ndugu zangu, mimi ni kocha msaidizi wa sekondari huku Minnesota, nafundisha wale watano wa mbele wanaomlinda kwotabeki. Mnabishana umri wa kijana na hakuna aliyeuliza nani anasimama mbele yake. Hapo ndipo kesi inapoamuliwa.

Chukueni Christian Hackenberg wa Penn State. Mwaka 2013 alianza akiwa mwaka wa kwanza na akawa mchezaji bora wa mwaka wa kwanza katika Big Ten, ligi ya vyuo wanamocheza. Kila mtu alisema huyu ni wa NFL, ligi ya kulipwa. Lakini chuo kilikuwa chini ya adhabu ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, nafasi za ufadhili zilipunguzwa, na ukuta wa mbele ukawa mwembamba. Kocha Bill O'Brien akaondoka kwenda Houston Texans ya NFL, akaja mwingine na mfumo mwingine. Msimu wa 2014 kijana aliangushwa zaidi ya mara 40. Anayeangushwa hivyo anajifunza kuogopa: macho yanashuka kutoka kwa wapokeaji yanawatazama wavamizi, miguu haitulii, mpira unatoka kabla ya wakati au unachelewa. New York Jets walimchukua 2016 katika raundi ya pili ya uchaguzi wa wachezaji wapya wa NFL, na hakuwahi kucheza mechi hata moja ya msimu wa kawaida wa NFL.

Siwezi kuapa kwamba angekaa 2013 angekuwa nyota. Ninachojua ni kwamba woga ule ukishaingia miguuni, kuutoa ni kazi kubwa kuliko kumfundisha kijana michoro yote ya timu.

Sasa mtazameni Lawrence. Clemson ya 2018 ilikuwa na walinzi waliokomaa mbele yake, Travis Etienne wa kukimbia na mpira, Tee Higgins na Justyn Ross wa kupokea, na safu ya ulinzi ambayo watatu wa mstari wake wa mbele walichukuliwa raundi ya kwanza NFL mwaka uliofuata. Alikuwa pia ameingia chuoni Januari, akafanya mazoezi yote ya majira ya machipuko. Huyo si sawa na kijana anayewasili Juni na kutupwa uwanjani nyuma ya walinzi wanaojifunza majina ya wenzao.

Jambo lingine la haki kulisema: kazi imekuwa rahisi kidogo. Tangu 2024 vyuo vya ngazi ya juu vinaruhusiwa kuweka redio kwenye helmeti ya mchezaji mmoja wa ushambuliaji. Kocha anaongea naye sikioni mpaka saa inayohesabu muda wa kuanzisha kila shambulizi ibakishe sekunde 15, kisha sauti inakatika. Kwa kijana wa miaka 18 huo ni msaada mkubwa. Lakini beki akibadilika zikiwa zimebaki sekunde tano, yuko peke yake, na ni wale watano wangu tu wanaoweza kumnunulia muda wa kufikiri.

Kipanga

Kocha, nashukuru. Kuhusu Clemson 2018, kuna mechi watu wameisahau. Lawrence alipotangazwa kuanza, Kelly Bryant, aliyekuwa mkubwa wake na aliyecheza mechi nne tu, aliondoka wiki ileile na kuutunza msimu wake kwa kanuni ya mechi nne. Kanuni iliyotungwa kuwafaa vijana, mkubwa akaitumia kutokea. Jumamosi hiyo dhidi ya Syracuse, Lawrence akaumia kabla ya mapumziko. Aliyebaki ni Chase Brice, kijana aliyekaa shati jekundu msimu wa 2017. Wako nyuma, yadi 94 mbele yao. Brice akawapeleka, akapiga pasi ya jaribio la nne, lile la mwisho, kwa Higgins, Etienne akamaliza. 27 kwa 23. Bila Brice hakuna 15 kwa 0, na bila mwaka wa kukaa sidhani Brice angekuwa mtulivu vile.

Nyamwezi Houston

Hiyo ya Brice naikubali, ni hoja nzito. Lakini tazama inavyosema: klabu yenye akili iwe na wawili, mmoja anacheza na mwingine anapikwa. Siku hizi kumweka wa pili ndiyo kazi ngumu. Arch Manning, wa ukoo wa makwotabeki wa NFL, aliingia Texas 2023, akakaa nyuma ya Quinn Ewers, akasubiri hadi 2025 kukabidhiwa timu. Wangapi wana subira hiyo, na wangapi wana ukoo wa kuwashauri kama ule? Kijana wa familia ya kawaida akiambiwa chuo kingine kitamlipa na kumchezesha, siwezi kumlaumu.

Kwa hiyo mimi ningetumia zile mechi nne kwa nguvu zote. Mpe robo ya mwisho timu ikiwa mbele kwa pointi 30, mpe mechi moja ya kuanza dhidi ya chuo kidogo, mwonyeshe kwa vitendo kwamba unamhitaji. Kumkalisha mwaka mzima bila kugusa mpira ni kumwambia atafute kwingine.

Kocha wa Laini

Hapo tuko pamoja, kaka. Mechi nne zilizopangwa vizuri ni bora kuliko kumi na mbili za kuponda mwili wake.

Mama Tariq

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Wiki ijayo kuna kocha anakuja nyumbani kutuona. Naomba mniambie nimuulize nini, kwa sababu akikaa sebuleni anaongea vizuri sana na mimi sina maswali.

Kocha wa Laini

Dada yangu, muulize walinzi wake wa mbele wangapi wanarudi msimu ujao, na wangapi kati yao wamewahi kuanza. Akianza kukuambia habari za jezi na uwanja, rudia swali.

Muulize nani anaita michezo, yaani anachagua mbinu ya kila shambulizi, yeye au msaidizi, na huyo msaidizi mkataba wake unaisha lini. Watu wa kazi hiyo huhama kila mwaka, na kijana hujikuta anajifunza lugha mpya kila machipuko.

Muulize kwotabeki wangapi wako kwenye orodha na wana misimu mingapi iliyobaki. Kisha mwambie akueleze, Tariq akiwa anasikia, mechi zipi nne angempa kama hataanza. Mwenye mpango atazitaja kwa majina ya wapinzani.

Na la masomo: omba kuongea na mshauri wa taaluma wa wanamichezo bila kocha kuwepo. Muulize kama Tariq anaweza kuingia Januari badala ya Juni, na je, sekondari yake itamruhusu kumaliza mapema. Hilo mlianze sasa hivi, maana masomo ya kumaliza mapema hupangwa mwaka mmoja kabla.

Mama Tariq

Nimeandika yote. La sekondari nitakwenda kuonana na mwalimu wake Jumatatu asubuhi. Akija kocha nitawaletea majibu hapahapa, neno kwa neno.