Daftari la usomaji kidato cha kwanza: Kiswahili kiruhusiwe?

Mleta mada (mwalimu, Temeke): Wadau, habari za jioni. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Januari anaingia kidato cha kwanza, anapewa kitabu cha hadithi cha Kiingereza, na zipo shule zinazotaka daftari lake la usomaji, anamoandika alichoelewa kitabuni, nalo liwe Kiingereza kitupu. Napinga. Hadi likizo ya Juni aandike kwa Kiswahili. Daftari hili linapima kilichoeleweka, sarufi ina vipindi vyake.

Chukueni sentensi inayoanza na "although". Akiambiwa aandike kwa Kiingereza ataichomoa kitabuni neno kwa neno, nami nitaweka vema. Akiieleza kwa Kiswahili anaandika: "Kwa sababu mvua ilinyesha, Juma alikwenda sokoni." Hapo ndipo naona "ingawa" imegeuka "kwa sababu", na hadithi nzima imempinduka.

Mzazi, Mbagala: Mwalimu, shikamoo. Sikubaliani. Upimaji wa kidato cha pili utakuja kwa Kiingereza, hakuna atakayemsomea kwa Kiswahili. Kuandika hujengwa kwa kuandika. Na darasa la watoto 80, nani atasahihisha madaftari yote hayo?

Mleta mada: Marahaba. Usahihishaji unawezekana: kusanya 16 kwa siku, siku tano za juma, dakika mbili kila daftari. Ni kama nusu saa. Usisahihishe tahajia, soma ingizo moja tu na uandike swali moja pembeni.

Mwalimu wa Kiingereza, Kinondoni: Lugha ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni kwamba mtoto huambiwa "andika ulichoelewa" bila kuonyeshwa namna. Palincsar na Brown, watafiti wa Marekani, mwaka 1984 walieleza ufundishaji wa mbinu nne: kutabiri, kuuliza, kufafanua palipo na utata, kufupisha. Mwalimu huanza kwa kuzifanya mwenyewe kwa sauti mbele ya darasa, kisha anawaachia kidogo kidogo. Ukiruka hatua hiyo utapata kurasa za kunakili, kwa lugha yoyote.

Ukurasa ugawanywe kwa rula. Kushoto sentensi moja ya kitabu na namba ya ukurasa. Kulia mawazo ya msomaji, mistari minne hadi sita. Mbinu moja kwa juma. Zikija nne kwa mpigo, mtoto anajaza vichwa vya habari tu.

Utabiri ndio unaochakachuliwa zaidi: anasoma sura kwanza, halafu "anatabiri". Dawa yake, wasome pamoja darasani, wasimame katikati ya sura, waandike utabiri na sababu yake kutoka kitabuni, wapige mstari, ndipo wafungue ukurasa unaofuata. Utabiri uliokosea usifutwe. Chini yake aandike ni neno gani lilimpotosha; mimi naona hiyo ndiyo mistari yenye thamani kuliko yote daftarini.

Mzazi, Mbagala: Hapo nimekuelewa, mwalimu. Lakini Juni ni mbali. Kuanzia Aprili safu ya kulia iwe na walau swali moja la Kiingereza, hata likiwa na makosa.

Mleta mada: Swali moja, sawa, mradi lisipewe alama. Ufupisho ubaki Kiswahili hadi Juni. Huko ndiko "ingawa" inakopotelea.