Je, Wabaski wanatambuliwa kuwa taifa, au ni madai tu?

Mkazi wa Kirumba:
Habari za jioni, ndugu zangu. Juzi kwenye kibanda cha kuangalia mpira huku Kirumba ulizuka ubishi ambao hatukuumaliza. Athletic Bilbao huchezesha tu waliozaliwa au kulelewa kimpira katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania, lakini ndugu wawili wa klabu hiyo, ambao wazazi wao walitoka Ghana, wamegawana mataifa: Iñaki Williams anaichezea Ghana, na mdogo wake Nico anaichezea Hispania, ambayo aliifungia bao kwenye fainali ya Euro 2024. Mzee mmoja akauliza mbona hakuna anayelichezea taifa la Wabaski, akajibiwa kwamba hao ni kabila tu kama sisi Wasukuma. Sheria inasemaje? Na kama tayari wana bunge, polisi na kodi zao, wanadai nini tena?

Mwalimu, Nyegezi:
Ndugu Mkazi, wanatambuliwa, ila si kwa kiwango wanachokidai wazalendo wao. Ibara ya 2 ya Katiba ya Hispania ya 1978 inasema taifa ni moja na haligawanyiki, kisha inazihakikishia mamlaka ya ndani jamii za kitaifa na mikoa iliyomo, bila kuitaja hata moja kwa jina. Sheria ya Gernika ya 1979, iliyolipa jimbo lao mamlaka ya ndani, ndiyo iliyowataja Wabaski na utaifa wao waziwazi.

Kwa maoni yangu, utambuzi wenye uzito zaidi uko kwenye fedha. Bizkaia, Gipuzkoa na Araba, mikoa mitatu ya jimbo hilo, hukusanya zenyewe kodi ya mapato, ya makampuni na hata ya ongezeko la thamani, kisha jimbo huilipa Madrid mchango kwa kazi zilizobaki mikononi mwa serikali kuu, kama vile jeshi na balozi, kwa kiwango cha asilimia 6.24 ya gharama hizo. Utaratibu huo ulianza 1878, miaka miwili baada ya haki zao za kale kufutwa; dikteta Franco akawanyang'anya Bizkaia na Gipuzkoa mwaka 1937 kwa kuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe zilisimama upande wa Jamhuri, yaani wapinzani wake, na ukarejeshwa 1981.

Wanachodai ni haki ya kujiamulia, kwa hoja kwamba mamlaka hayo ni yao tangu zamani na si zawadi ya Katiba, ambayo kura yake ya maoni wengi wao hawakuishiriki. Juan José Ibarretxe, aliyekuwa kiongozi wa serikali yao, alipeleka mpango wa uhusiano mpya na Hispania. Bunge lao likaupitisha mwishoni mwa 2004 kwa kura 39 dhidi ya 35, lakini Februari 2005 bunge la Madrid likaukataa kwa 313 dhidi ya 29. Kura hizo mbili zinaonyesha mgogoro wenyewe kuliko maelezo yangu.

Mzaliwa wa Unguja, sasa Igoma:
Kuhusu mpira, mzee wenu asishangae. Zanzibar ina rais wake na Baraza la Wawakilishi, ikakubaliwa uanachama kamili wa CAF Machi 2017, na Julai mwaka huohuo ikaondolewa. Timu ya Wabaski nayo huishia mechi za kirafiki. Walikopenya ni kwenye pelota, mchezo wao wa asili, ambako shirikisho la kimataifa liliwapokea mwishoni mwa 2024.

Mkurya wa Sirari:
Mwalimu amelisahau la mpaka, ambalo sisi wa Sirari hatuwezi kulisahau. Wabaski wengine wako Ufaransa, ambako hawana bunge wala kodi yao. Walichopata, mwaka 2017, ni muungano wa halmashauri zao tu. Navarra nayo, jimbo jirani ambalo wazalendo wanalihesabu kuwa la Wabaski, ingawa iko Hispania, ina mamlaka yake ya pekee. Kwa hiyo hata wakipewa taifa, watabishana kwanza mipaka yake iishie wapi.

Kuhusu hilo la kabila, mwanzilishi wa chama chao cha kizalendo cha 1895, Sabino Arana, aliupima Ubaski kwa damu na majina ya ukoo. Kwa kipimo hicho Iñaki asingeingia hata getini. Leo anahesabiwa Mbaski kwa kuwa alizaliwa na kukulia huko, na mimi naona dai lao limepata nguvu zaidi kwa mabadiliko hayo kuliko kwa bunduki za ETA, kundi lao la silaha lililopigania uhuru, zilizoua watu zaidi ya 800 kabla ya kunyamaza mwaka 2011.

Mkazi wa Kirumba:
Nawashukuru. Mwalimu, hiyo asilimia 6.24 hupangwa upya kila baada ya muda au imebaki ileile?

Mwalimu, Nyegezi:
Imebaki ileile tangu 1981. Kinachojadiliwa kila baada ya miaka mitano ni sheria ya kukokotoa mchango wenyewe, na majimbo mengine yanalalamika kwamba Wabaski wanalipa kidogo mno.