Kijana wangu ana mita 1.93 na hataki kukaa chini ya ringi

Senta_wa_Majengo

Wakuu, salaam kutoka Moshi. Jioni nikishafunga duka nafundisha vijana kikapu, uwanja wa zege huku Majengo. Nina dogo wa miaka kumi na sita, mita 1.93, mikono mirefu hadi anajikuna goti bila kuinama. Enzi zangu mtoto wa namna hii angefanywa senta, yule mrefu anayekaa chini ya ringi, siku ya kwanza na asingetoka huko mpaka astaafu. Mimi ndivyo nilivyofanyiwa. Huyu kila akipata mpira anarudi nyuma hadi mstari wa tatu, ule ambao ukitupia nyuma yake na ikaingia unapata pointi tatu badala ya mbili. Nikimkemea ananijibu, "Kochi, siku hizi hata masenta wanatupa." Jumamosi tulicheza na vijana wa Arusha. Katupa tisa, ikaingia moja, tukafungwa.

Mimi nilijifunzia kwenye kanda za Hakeem Olajuwon, yule Mnigeria aliyechukua ubingwa na Houston 1994 na 1995. Mguu huku, bega kule, beki anabaki ameshika hewa. Juzi nimeamka saa tisa na nusu usiku kuangalia mechi ya NBA, ile ligi ya Marekani, na robo nzima naona watu wamejipanga pembeni tu, wanasubiri zamu ya kutupa. Mchezo umebadilika kweli, au watu wamekuwa wavivu wa kugombana chini? Na huyu dogo nimwachie?

Chuga_Damu

Oya kochi umezeeka tu. Mwachie dogo atupe.

Babu_Ribaundi

Huyo aliyetangulia msamehe, ni mtoto.

Kaka, niko Njiro, nami nilikuwa senta, magoti yangu ndiyo ushahidi. Hasira yako naijua. Lakini chukua peni. Mtupo wa tatu ukiingia mara 35 katika 100, umevuna pointi 105. Ule wa katikati, wa mita tano, ambao sisi tuliuabudu, ukiingia mara 40 umevuna 80. Ili uufikie wa tatu lazima uingize kama 53, tena beki akikupumulia usoni. Uvivu hapo uko wapi?

Kinachochekesha ni kwamba hesabu hii ilikuwepo tangu msimu wa 1979-80, NBA ilipochora ule mstari. Watu waliuona sarakasi. Timu nzima ilikuwa inatupa chini ya tatu kwa mechi. Leo inapita 35. Jordan msimu wa 1986-87 alikuwa na wastani wa pointi 37.1, na tatu alizoingiza msimu mzima ni 12. Kumi na mbili! Na mtu asikudanganye kwamba zamani hawakufunga. Desemba 1983 Detroit waliwashinda Denver 186-184, mechi yenye pointi nyingi kuliko zote za NBA, na tatu zilizoingia ni mbili tu. Walikuwa wanakimbia.

Kuna sheria pia. Kuanzia 2001 zoni, yaani beki kulinda eneo badala ya kumfuata mtu wake, ikaruhusiwa kule, kwa hiyo yule Olajuwon wako angekuta mtu wa pili anamsubiri kabla mpira haujamfikia. Msimu wa 2004-05 wakabana beki kumwekea mkono mwenye mpira. Wafupi wenye mpira wakapumua. Msimu huohuo Phoenix ya Steve Nash, mbio na mitupo, ikashinda mechi 62. Halafu Stephen Curry akaja kuharibu kabisa: 2015-16 akaingiza tatu 402, wakati rekodi iliyokuwepo ni 286, nayo ni yake mwenyewe ya mwaka mmoja nyuma.

Panaponiuma mimi ni Juni 2009, siku timu za NBA zinachagua wachezaji wapya kwa zamu. Hasheem Thabeet wetu, mita 2.21, anachaguliwa wa pili na Memphis. Niliruka hadi nikamwaga chai. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba, Curry. Leo watu wanaicheka orodha ile, mimi siicheki. Siku ile timu zilikuwa zinanunua urefu kama zilivyozoea, na wale wawili waliokuja kuugeuza mchezo walikuwa wameketi ukumbi mmoja na kijana wetu, nyuma yake kwenye foleni. Thabeet alifika sokoni wiki bidhaa yake inashuka bei.

Senta hajafa lakini. Brook Lopez misimu minane ya kwanza aliingiza tatu 3 jumla. Msimu wa tisa, akiwa na miaka 28, 134. Jokić ni senta, kachaguliwa wa 41 mwaka 2014, hana mbio wala haruki, na kawa mchezaji bora wa ligi mara tatu kwa kugawa mpira kama mama anayegawa ubwabwa kwenye shughuli. Kila mtu anapata, na hujui kijiko kimepita saa ngapi.

Mwachie dogo.

Dada_Pivoti

Shikamoo Babu. Hesabu yako tamu, ila ni hesabu ya ukumbini. Hiyo 35 katika 100 ni ya watu wanaotupa mamia kila siku, mpira mpya, ringi haijapinda, hakuna upepo. Mimi nafundisha mabinti huku Sakina. Saa kumi na moja jioni upepo ukishuka kutoka Meru, mpira unahama njia ukiwa angani. Mabinti wangu wakiingiza 20 katika 100 tunapika pilau. Ishirini mara tatu ni 60. Lei-api, ule mtupo wa karibu kabisa na ringi, ikiingia nusu tu ni 100. Kwa hiyo peni ileile ya Babu inawaambia wanangu waingie ndani.

Na dogo wako kochi, mitupo tisa pointi tatu. Biashara hiyo hata shangazi yangu wa ndizi pale Kilombero angeikataa.

Halafu umewahi kuupima mstari wenu? Viwanja vingi vilichorwa kabla ya 2010, enzi za mita 6.25. Siku hizi FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ni 6.75. Wale wa NBA unaowaona usiku wanatupia 7.24, pembeni ndiyo 6.7. Usije ukawa unagombana na mtoto juu ya tatu ambayo ni mbili.

Babu_Ribaundi

Marahaba binti. Hapo kwenye upepo umenikamata.

Senta_wa_Majengo

Shikamoo Babu. Dada, leo nimekwenda na futi ya fundi na timazi, nikashusha kamba kutoka katikati ya ringi. Upande wa mlimani 6.20. Upande wa barabarani 6.40. Aliyechora nadhani alikuwa anatembea huku anaongea na mtu.

Nikaweka chaki kwenye 6.75, nikamwita dogo. Ishirini, zimeingia tatu. Akaniangalia kama mimi ndiye niliyeusogeza ukuta. Alichofanya baada ya hapo ni kuomba mpira alale nao nyumbani, nikampa, ingawa ndio mmoja mzima tulio nao.

Tumekubaliana hivi: kwenye mechi anaanzia chini, lazima aguse mpira ndani kwanza, wakimjia wawili autoe. Mazoezini anatupia kwenye chaki. Akifikisha 30 katika 100 wiki mbili mfululizo, kwenye mechi namruhusu mitupo miwili. Kasema mitatu. Bado tunabishana.

Ila chaki ya leo kesho haipo, na masika yakianza hata rangi ya mafuta inabanduka. Nani anajua rangi inayokaa kwenye zege?

Babu_Ribaundi

Ile ya kuchorea vivuko barabarani. Nina nusu debe stoo, nyeupe. Nitakuwekea kwenye Coaster ya Jumamosi asubuhi. Debe nirudishie.