Wi-Fi imepotea baada ya kupandisha Ubuntu 22.04 kwenda 24.04

Swali
Wakuu, laptop ina kadi ya Wi-Fi ya BCM43142. Tangu kupandisha toleo, mipangilio inaandika "No Wi-Fi Adapter Found". Bluetooth iko sawa. Nianzie wapi?

Jibu
Mkuu, kadi hiyo hutumia draiva (programu inayoiendesha kadi) ya `wl`, ambayo lazima ijengwe upya kwa kila kerneli (kiini cha mfumo). Kerneli mpya ikikosa headers zake (faili za kujengea draiva), draiva haijengwi. Chomeka simu kwa kebo ya USB upate intaneti yake, kisha:

`sudo apt update`
`sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`
`sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source`
`sudo modprobe wl`

Jibu
Nyongeza: `modprobe` ikijibu "Key was rejected by service", draiva imejengwa ila Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha kompyuta) haitambui saini yake ya kidijitali. Usiizime Secure Boot, sajili ufunguo uliosaini draiva:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Weka nenosiri la muda, washa upya, na kwenye skrini ya bluu bonyeza kitufe chochote haraka (inasubiri sekunde 10 tu), chagua Enroll MOK (yaani sajili ufunguo huo).

Muuliza swali
Ndiyo hiyo ya ufunguo. Mitandao inaonekana sasa, asanteni sana.