Tunauza nyumba kubwa, tunahamia padogo: mtaa upi utatufaa kwa miguu?

Bustani Kubwa

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Mimi nina miaka 68, mke wangu 66. Watoto wote wanajitegemea, na nyumba tuliyowalelea ina vyumba vitano ambavyo siku hizi kimoja tu ndicho kinalaliwa. Vingine tunavifungua ili kufuta vumbi. Ngazi nazo zimeanza kutupangia maisha. Kitu kikisahaulika juu asubuhi, kinakaa huko hadi wakati wa kulala, maana goti langu la kulia halikubali kupanda mara mbili. Mke wangu ana presha ya macho, taa za magari yanayokuja zinamtesa, kwa hiyo usiku haendeshi tena. Tumekubaliana tuuze, tuhamie mahali ambapo gari likilala wiki nzima hakuna kinachokwama.

Tumebaki na sehemu mbili.

Ya kwanza ni fleti ghorofa ya tatu, jengo lina lifti moja. Duka, duka la dawa, zahanati, maktaba na kituo cha basi vyote viko karibu, na ramani inasema duka ni mita 350. Tatizo ni kwamba vyote viko ng'ambo ya barabara ya njia nne, na magari pale hayaendi, yanakimbia.

Ya pili ni nyumba ya chini, vyumba viwili na kibustani cha kutosha kiti na maua. Mtaa umetulia, una njia pana za kutembea chini ya miti, zinazunguka bwawa. Mke wangu alipoona lile bwawa akanyamaza, na mimi namjua, akinyamaza hivyo ameshapenda. Ila duka la karibu ni safari ya gari, na kituo cha basi kiko juu ya mwinuko.

Madalali wote wawili wametuambia "hapa kila kitu ni kwa miguu". Watoto wanataka ya pili, eti tutapumzika. Kana kwamba tumeshachoka! Moyo wangu uko kwenye fleti, lakini barabara ile inanitisha. Mtu akifika mahali kama hapo anaangalia nini hasa? Maneno ya matangazo tumeyasikia vya kutosha.

Fundi wa Barabara

Marahaba, maana nakuzidi miaka minne. Nimestaafu kazi ya kupanga barabara na taa zake, kwa hiyo nianzie hapo penye hofu yako.

Barabara usiipime kwa macho, ipime kwa sekunde. Kwa miaka mingi taa za waenda kwa miguu katika nchi nyingi zimepangwa kwa kudhani kwamba mtu anavuka mita 1.2 kila sekunde. Sasa, watafiti walipopima mwendo wa watu wa miaka 65 na kuendelea kule England, katika matokeo yaliyochapishwa 2012, wastani ulikuwa mita 0.9 kwa wanaume na 0.8 kwa wanawake. Njia nne za magari ni kama mita 14. Yule mtu wa kwenye hesabu za taa anavuka kwa sekunde 12 hivi. Mkeo, akiwa kwenye wastani ule, anahitaji 17 na nusu. Hizo tano na nusu za ziada anazitumia akiwa mbele ya magari yanayonguruma. Marekani, katika mwongozo wao wa alama na taa za barabarani wa 2009, walishusha kipimo hadi futi 3.5 kwa sekunde, yaani mita 1.07 hivi. Ni afadhali, lakini bado ni haraka kuliko wazee wengi wanavyotembea.

Pima mwendo wenu wenyewe. Weka alama mbili sakafuni umbali wa mita 10, mtembee kama siku zote, bila kushindana. Mkitumia sekunde 12 na nusu, hiyo ni 0.8. Halafu rudieni mkiwa na mizigo mikononi, kwa sababu dukani mnakwenda watupu lakini hamrudi watupu. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea kupima: wanapima kwenda.

Pale barabarani tazama kama kuna kisiwa cha katikati cha kusimama. Kikiwepo, unavuka nusu, unapumua, unavuka nusu nyingine, na hesabu yote niliyokupa inabadilika. Tazama pia magari yanayokata kona wakati taa yako wewe ni ya kijani, maana dereva wa namna hiyo anaangalia magari wenzake, haangalii wewe. Na mwendo: gari la kilomita 50 kwa saa lina nguvu ya kugonga zaidi ya mara mbili na nusu ya lile la kilomita 30. Ndiyo maana Tamko la Stockholm la 2020 kuhusu usalama barabarani lilitaka kilomita 30 iwe kikomo pale watu na magari wanapochanganyika.

Kuhusu mita 350, hakikisha ni za njia unayopita, siyo za ndege anayeruka. Sisi wapangaji wa miji tuna mazoea ya zamani sana. Clarence Perry, mpangaji miji wa Marekani, alipochora mtaa wake wa mfano mwaka 1929 aliweka huduma ndani ya robo maili, mita 400, na tangu hapo tunasema "dakika tano". Kwa mwendo wa 0.8 ni zaidi ya dakika nane. Si mbaya, lakini ijue kabla ya kusaini.

Na nikuulize swali la kijinga: kwa nini uishi upande ule? Upande wa duka hakuna jengo lenye nafasi?

Binti wa Kwanza

Shikamoo baba. Mimi ndiye ninayekaa na mama, ana 81. Alihama na fimbo, sasa anatumia kigari cha magurudumu manne, kwa hiyo nimejifunza kuangalia chini badala ya kuangalia mandhari.

Tembeeni mkiangalia ukingo wa barabara kila mnapofika kona. Je, umeshushwa usawa wa lami, au kuna kidato cha kuruka? Mtu mwenye miguu mizuri hakioni. Mama akikifika, tunasimama, tunainua kigari, na nyuma yetu kuna mtu anapumua kwa hasira. Njia yenyewe ina upana gani? Mita moja na nusu inatosha, lakini siyo mita moja na nusu yenye nguzo ya umeme katikati na pikipiki imeegeshwa pembeni. Mizizi ya miti nayo hupasua vigae. Zile njia nzuri chini ya miti, baba, zikagueni kweli.

Ule mwinuko wa kituo cha basi usiudharau. Njia za mteremko za viti vya magurudumu hujengwa kwa kipimo cha 1 kwa 12, yaani ukipanda sentimita moja uwe umekwenda mbele sentimita 12, na hata hapo mama anasimama katikati. Na wewe mwenye goti, jaribu zaidi kushuka. Kupanda kunachosha kifua, lakini kushuka ndiko kunakolia gotini.

Halafu viti. Mwongozo wa serikali ya Uingereza unasema mahali panapopitwa na watu wengi viti visiachane zaidi ya mita 50. Wengine wataona ni anasa. Kwa mama, benchi moja kati ya nyumbani na duka la dawa ndiyo tofauti ya kwenda mwenyewe na kunituma mimi. Na samahani kwa kusema wazi, ulizieni choo. Anayemeza dawa za presha zile za kukojoza hawezi kwenda mahali pasipo na choo, hata pawe karibu namna gani. Maktaba huwa nacho. Hiyo ni alama moja kwa fleti.

Lifti moja: waulizeni wapangaji, siyo dalali, iliharibika lini mara ya mwisho na ilikaa siku ngapi bila kutengenezwa. Muangalie pia ngazi za dharura kama zina vishikio pande zote mbili. Ghorofa ya kwanza ingenipa usingizi zaidi kuliko ya tatu.

Kaa Ulipo

Mimi nitapinga. Watu wanauza nyumba zenye majirani wa miaka 30 wakafuate benchi na duka la dawa. Teremsha kitanda chini, funga vyumba vya juu, mlipe kijana awaendeshe usiku. Siku utakapoanguka, jirani anayejua sauti yako ataligundua hilo kabla ya majirani wapya. Hayo tu.

Nilihama Zamani

Kaka Kaa Ulipo hajakosea, na anayetaka kumcheka ajue kwamba upweke wa mtaa mpya upo. Mimi mjane, nina 74. Miezi ya mwanzo nilikuwa nasalimiana na mlinzi tu. Kilichonitoa humo ni kwamba nilikuwa na sababu ya kutoka kila siku: gazeti, dawa, kurudisha kitabu. Ukipita mahali pamoja saa zile zile watu wanaanza kukujua wenyewe, huhitaji kugonga mlango wa mtu.

Ndiyo maana nasema kuna kutembea kwa aina mbili, na mke wako anisamehe. Bwawa ni la kutembelea ukiwa na nafasi na moyo mweupe. Mvua ikinyesha, au ukiamka vibaya, hutoki, na hakuna kinachoharibika usipotoka. Duka linakuvuta hata siku usiyotaka. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya nguvu za wastani kwa wiki, hata kwa sisi wa zaidi ya 65. Mimi sijawahi kukaa nikazihesabu, lakini nina hakika nazipata nikiwa kwenye shughuli zangu.

Msitegemee pia duka moja. Likifunga, mtaa wenu umekufa. Tafuteni mahali penye maduka kadhaa madogo na watu mchana kutwa. Zile alama za mtandaoni ambazo mtaa hupewa kwa kutembeleka kwa miguu, kama Walk Score iliyoanza 2007, ni nzuri za kuchujia, maana zinapima zaidi umbali wa huduma. Lakini sijaona alama iliyokaa kwenye benchi ikasikiliza kelele. Nendeni usiku mkaone taa za mtaani zinawaka au ni nguzo tu. Simameni chumbani madirisha yakiwa wazi, mjue kama chumba cha kulala kimeelekea barabarani. Mkeo akiwa na presha ya macho, giza la njiani ni jambo kubwa kuliko kelele.

Na msinunue kwanza. Pangeni, mpitie msimu mbaya kuliko yote wa mahali hapo, ndipo muuze ya zamani. Atakayewaambia fursa itapotea ana kamisheni yake.

Bustani Kubwa

Ahsanteni sana. Kaka Kaa Ulipo, nakuheshimu, lakini jirani yangu aliyejua sauti yangu alihamia kwa mwanawe mwaka juzi, na waliobaki tunapungiana mikono kutoka ndani ya magari. Kijana wa kuendesha tulishakuwa naye. Kila tukitaka kutoka lazima tuanze kuuliza kama ana nafasi.

Tumekwenda pote na mizigo mikononi, kama mlivyoelekeza. Sakafuni mimi nimepata 0.9. Mke wangu alianza kwa 1.1, nikamwambia hakuna zawadi, akarudia akapata 0.8. Barabarani kisiwa kipo, lakini ni chembamba, watu wawili wenye mifuko hawaenei, na taa iligeuka tukiwa bado hatujakifikia. Mke wangu alisema neno ambalo sitaliandika hapa.

Kwenye bwawa tulikuta njia safi na viti vya kutosha, Binti yangu utafurahi. Tukazunguka, tukakaa. Kisha nikamwomba tujifanye dawa zake zimekwisha, twende kituo cha basi bila gari. Kupanda tulifika. Wakati wa kushuka goti lilinifanya nishike uzio wa watu. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema bwawa tutakuja kulitembelea mchana, basi lipo.

Fundi, swali lako halikuwa la kijinga hata kidogo. Upande wa duka kuna jengo la zamani la ghorofa mbili, halina lifti, halina sura, na dalali hakutaja kwa sababu wenyewe hawauzi, wanapangisha. Kuna nafasi chini. Chumba cha kulala kinatazama ua wa nyuma. Kutoka mlangoni hadi duka la dawa havukwi chochote isipokuwa kichochoro ambacho magari yanaingia polepole. Sehemu ya maua ni ndoo tatu mbele ya dirisha, na hilo bado linajadiliwa ndani ya nyumba.

Tumeomba mkataba wa mwaka mmoja. Kuna vidato viwili vya kuingilia jengo ambavyo havina kishikio. Mwenye nyumba anasema tukitaka tufunge wenyewe, na mimi nasema ni kazi yake. Fundi au yeyote anayejua: kishikio cha nje kiwe kimo gani kwa mtu mfupi, na bomba lake liwe nene kiasi gani ili mkono wenye baridi yabisi uweze kulikamata?

Fundi wa Barabara

Kimo cha sentimita 90 hivi kutoka ukingo wa ngazi, bomba la duara la kipenyo cha milimita 40 au pungufu kidogo, na liachwe nafasi ya vidole kati yake na ukuta. Likianza kabla ya ngazi ya kwanza na kuendelea kidogo baada ya ile ya mwisho, mkono unafika kabla ya mguu. Waambie wafunge pande zote mbili. Goti lako ni la kulia, lakini ukirudi ndani kulia kunakuwa kushoto.