Kozi ya hiari mwaka wa kwanza: Utangulizi wa Takwimu au Utangulizi wa Sanaa za Maonyesho?

KiswaJio: Wakuu, habari za jioni. Niko BA Ualimu mwaka wa kwanza, masomo ya kufundishia ni Kiswahili na Jiografia. Nimebakiza nafasi moja ya kozi ya hiari, na zinazoingia kwenye ratiba yangu ni hizo mbili, zote krediti 12. Hesabu niliishia kidato cha nne kwa C. Ipi inakula muda zaidi, na ipi itanifaa kazini?

Mtawanyiko: Anza na saa. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), krediti 1 ni saa 10 za kazi, darasani na nje ya darasa. Krediti 12 ni saa 120. Gawa kwa wiki 15, ni saa 8 kila wiki. Tofauti ni namna saa hizo zinavyotumika. Takwimu unaweza kuzikokotoa peke yako usiku wa manane. Mazoezi ya jukwaani ni ya kundi, mmoja asipofika wote wamekwama.

C inatosha kabisa. Utahitaji mzizi wa pili, alama ya Σ (maana yake jumlisha) na kujua kusoma jedwali. Wengi wanaopata sapu (mtihani wa marudio) wameruka hatua, hesabu yenyewe haijawashinda. Chukua 4, 6, 8, 10, 12. Wastani ni 8. Toa wastani kwa kila namba: −4, −2, 0, 2, 4. Zidisha kila moja kwa yenyewe: 16, 4, 0, 4, 16, jumla 40. Kama hao watano ndio watu wote unaowachunguza, gawa kwa 5, kisha tafuta mzizi wa pili: mchepuko sanifu, yaani kipimo cha namba zilivyotawanyika kutoka kwenye wastani, ni 2.83. Kama ni sampuli tu, yaani wachache wanaowakilisha wengi, gawa kwa 4, mzizi wake ni 3.16. Kwa nini 4? Kwa sababu wastani wa sampuli umetokana na namba hizohizo, hivyo umekaa karibu nazo kuliko wastani halisi wa watu wote. Ukigawa kwa 5 utaonyesha mtawanyiko mdogo kuliko ulivyo. Anayekariri fomula bila kuelewa hilo atachanganya mpaka UE (mtihani wa mwisho wa muhula).

JukwaaWazi: Na huku kwetu Sanaa za Maonyesho asije mtu akidhani amekuja kupumzika. Kazi ya kwanza ni kuchambua tamthilia kwa ajili ya kuigiza, na wanafunzi wa fasihi ndio hukwama hapo, kwa kuwa wamezoea kutafuta dhamira na tamathali. Jukwaani swali ni moja: mhusika anataka nini kwa aliye mbele yake sasa hivi? Soma tamthilia yote bila kalamu. Soma tena, piga mstari kila mahali mhusika anapobadili mbinu. Kisha pembeni ya kila kipande andika kitenzi. Mtu akisema "Karibu ndani", kitenzi kikiwa *kumpima* ataitamka akiwa amesimama mlangoni, macho usoni mwa mgeni. Kikiwa *kumbembeleza*, tayari ameshasogeza kiti. Ukiandika "ana huzuni" huna cha kuigiza, utabaki kukunja uso.

Makosa mengine: kuchelewa kukariri maneno, maana mkono wenye karatasi hauwezi kushika kitu kingine, kupaza sauti kwa koo badala ya pumzi ya tumboni, ukakauka sauti siku ya onyesho, na kusahau kwamba kushoto kwa jukwaa ni kushoto kwa mwigizaji anayetazama hadhira.

Bi_Chaki: Mdogo wangu, kabla ya kuchagua fungua orodha ya kozi za lazima za Jiografia mpaka mwaka wa tatu. Mara nyingi kuna kozi ya mbinu za kitakwimu humo. Kama ipo, takwimu utazipata tu, hivyo chukua Sanaa za Maonyesho: utafundisha tamthilia, na darasa linalosoma tamthilia kimya kimya linapoteza nusu yake. Kama haipo, chukua Takwimu bila kusita. Jiografia ya sekondari ina mada ya takwimu, na utafiti wako wa mwisho utazidai.

KiswaJio: Asante dada. Kwenye utafiti zinaingia wapi hasa?

Mtawanyiko: Mwanzo kabisa, kwenye ukubwa wa sampuli. Unataka kukadiria asilimia kwa uhakika wa 95% na kosa lisilozidi 5%: 1.96² × 0.5 × 0.5 ÷ 0.05² = 384.16, yaani watu 385 (1.96 ni ya uhakika wa 95%, 0.5 ni kukadiria nusu kwa nusu, 0.05 ni lile kosa). Idadi hiyo inatosha kwa mkoa na inatosha kwa nchi nzima ya watu 61,741,120 wa sensa ya 2022, mradi umewapata kwa bahati nasibu. Ukiwaokota 385 stendi moja, fomula haikuokoi.

Pia ukiwapima wanafunzi walewale kabla na baada ya somo, tumia jaribio la t la jozi, linalolinganisha alama mbili za mwanafunzi yuleyule ili kuona kama tofauti ni ya kweli. Wengi hutumia la makundi mawili huru, na tofauti iliyopo kweli inafichika.

JukwaaWazi: Naafiki ushauri wa Bi_Chaki. Ukija huku, uliza kwanza mazoezi ni saa ngapi. Yakiwa jioni na unakaa mbali na chuo, panga usafiri wa kurudi kabla ya kujisajili.

Mtawanyiko: Ukienda takwimu, hakikisha kikokotoo chako kina sehemu ya takwimu. Kitufe cha sx kinagawa kwa n − 1, cha σx kinagawa kwa n (n ni idadi ya namba zako). Kijaribu kwa zile namba tano: 3.16 na 2.83.