Uyoga wa kichuguuni na uyoga wa uwanjani: nitautambuaje wa kula? Nipo Pemba

Mgeni wa Konde

Asalaam alaykum ndugu zangu. Mimi mzaliwa wa Mjini, Unguja, nimeolewa Pemba mwaka wa tatu sasa, tunakaa shamba upande wa Konde. Nyuma ya nyumba yetu, kati ya mikarafuu, kipo kichuguu kikubwa. Juzi usiku kumbikumbi walitoka wengi, leo asubuhi nimetoka na ndoo nikakuta kichuguu kizima kimeota uyoga. Kofia pana kama sahani ya chai, rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, na katikati kila kofia ina nundu ngumu yenye ncha.

Sijakaa sawa, mwanangu wa miaka 6 akarudi kutoka uwanja wa mpira wa skuli na uyoga mwengine kwenye kofia yake: mweupe, mkubwa, una magamba ya kahawia juu. Ananiambia, "Mama, na huu tupike."

Mkwe wangu anasema niuchemshe na kitunguu thomu. Thomu ikigeuka nyeusi ni sumu, ikibaki nyeupe tule. Mume wangu anasema tuwape kuku kwanza. Mimi nnaogopa, lakini sitaki kumvunjia heshima mama wa watu, na kusema kweli harufu ya ule wa kichuguuni inanivutia. Wenye ujuzi nisaidieni. Nimeufunika wote kwa kawa, haujapikwa bado.

Kijana wa Ngezi

Wa uwanjani utoe nyumbani sasa hivi, mtoto aoshe mikono. Wa kichuguuni usubiri. Leo kuleni muhogo.

Maalim wa Baiolojia

Waalaykum salaam bibie. Nimesomesha somo hili miaka mingi na kila masika nasikia habari ya thomu. Naomba nilieleze vizuri ili ukizungumza na mkweo uwe na maneno ya kumwambia kwa heshima.

Thomu, kijiko cha fedha, mchele, vyote hubadilika rangi kwa sababu zao wenyewe. Sumu ya uyoga inayoua watu wengi kupita zote duniani inatokana na uyoga wa jamii ya Amanita, na sumu hiyo haigusi rangi ya thomu wala ya fedha. Haina uchungu. Walioula wakapona wamesimulia kuwa ulikuwa mtamu. Kuuchemsha hakuiondoi, kuuanika juani hakuiondoi, kumwaga maji ya kwanza hakuiondoi. Na kuku? Konokono huutafuna uyoga wa aina hiyo akaenda zake salama. Tumbo la mnyama si tumbo lako.

Sasa kazi ya kufanya. Chukua kisu kirefu au jembe, usiukate uyoga usawa wa ardhi. Uchimbe mmoja mpaka mwisho wake. Ule wa sumu niliousema aghlabu una kitu kama kikombe au mfuko uliochanika pale chini kabisa, kimejificha udongoni, na anayekata juu hakioni. Uyoga wa kweli wa kichuguuni hauna kikombe hicho. Una mzizi, mwembamba, unaoshuka chini sana mpaka kwenye chumba cha mchwa.

Kisha kata kofia ya kila aina, ilaze kifudifudi juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, uifunike kwa bakuli mpaka asubuhi. Itamwaga unga. Rangi ya unga ule ni ushahidi mzuri kuliko rangi ya kofia. Tuletee majibu.

Abiria wa Makunduchi

Dada, huo wa uwanjani mimi naujua kwa mwili wangu. Miaka kadhaa nyuma niliuchuma kwenye bustani ya majani pale nilipokuwa nafanya kazi, nikaukaanga na pilipili, tukala watu wanne. Saa mbili hazikutimia. Nilianza mimi, akafuata mdogo wangu, tukawa tunapokezana ndoo. Kutapika mpaka nyongo, kuharisha mpaka nikashindwa kusimama. Mama yetu mzee alikula vijiko viwili tu, na yeye ndiye alilazwa siku mbili. Mpaka leo nikiona ile duara ya vyeupe kwenye majani baada ya mvua moyo unaruka.

Ulikuwa hivyo hivyo: magamba ya kahawia juu, mguu mrefu, na pete ambayo ukiisukuma kwa kidole inapanda na kushuka kwenye mguu. Tafadhali usimpe mtoto.

Nesi wa Mkoani

Namshukuru aliyetangulia kwa kusema. Naongeza hili, na naomba lisomwe na kila mwenye watoto.

Ukila uyoga ukaanza kutapika ndani ya saa moja mpaka tatu, ni mateso, na kwa mtoto mdogo au mzee upungufu wa maji unaweza kuua, kwa hiyo hospitali unakwenda. Lakini nnachokiogopa zaidi ni yule anayekula mchana, akalala vizuri, akaanza kuumwa usiku wa manane au asubuhi, baada ya saa 6, 12 au zaidi. Huyo huenda ndiye amekula ile sumu ya Amanita aliyoitaja Maalim, inayoharibu ini. Ataharisha, atatapika, kisha siku ya pili atapata nafuu. Watu wa nyumbani watasema alhamdulillah, wamrudishe kitandani. Ndani ini linaendelea kuharibika, na siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa manjano. Hapo tumeshachelewa. Kwa hiyo nafuu ya siku ya pili isiwadanganye: aliyeanza kuumwa kwa kuchelewa akae chini ya macho ya daktari hata akisema amepona.

Maziwa tunayonyweshana majumbani hayaiondoi sumu hii. Msimtapishe mgonjwa kwa nguvu. Nendeni naye kituo cha afya kilicho karibu, msingoje boti ya kwenda Unguja wala msingoje asubuhi, na mchukue mabaki ya chakula pamoja na uyoga mbichi uliobaki, ndani ya karatasi. Usiweke kwenye mfuko wa plastiki, utaoza na hautatambulika. Mwambieni daktari saa mliyokula na saa ya kwanza kuumwa. Saa hizo mbili zinatusaidia kuliko maelezo yote mengine.

Kila mara mkila uyoga wa porini, wekeni kofia mbili mbichi pembeni mpaka kesho yake.

Mjukuu wa Mkulima

Wa kichuguuni nina la kusema, maana nimekulia kwenye chakula hicho.

Mchwa wale ni wakulima. Majani makavu na miti wanayokata hawaimeng'enyi wenyewe vya kutosha. Wanaijenga ndani kama sega, na kwenye sega hilo wanauotesha uyoga huu wakaula wao kwanza. Mvua ikilowesha ardhi sawasawa uyoga unatoboa kichuguu na kutoka. Ile ncha ngumu ya katikati unayoiona ndiyo iliyotoboa udongo, kama msumari. Wataalamu wanauita Termitomyces, jina alilolitoa Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Zambia ipo aina yake ambayo kofia moja inafika mita nzima, mtu anaibeba kichwani kama mwavuli. Na kwa sababu unamtegemea mchwa, hakuna anayeupanda shambani. Unangoja mvua.

Lakini sikiliza. "Umeota kichuguuni" si cheti. Kichuguu ni udongo, na uyoga wowote unaweza kuota juu yake au pembeni yake. Bibi yangu alikuwa akichimba kila mmoja. Usiokuwa na mzizi wa kushuka ndani alikuwa hauweki kwenye pakacha, hata ufanane vipi na wenzake. Na vile vidogo vyeupe vinavyoota mamia kwa mamia kama mchele uliomwagika, ingawa wapo wanaovila, mgeni asiviguse. Vinafanana na vingi.

Unaye mzee hapo jirani aliyewahi kuchuma kwenye kichuguu hicho hicho? Mtafute kabla ya kutuuliza sisi tulio mbali.

Mgeni wa Konde

Nimerudi na majibu, bakuli nimelifunua alfajiri baada ya sala.

Kofia ya uwanjani imeacha alama kijani. Kijani kabisa, rangi ya maji ya mchicha, mistari yake imekaa kama miale ya jua juu ya karatasi nyeupe. Nimemwita mume wangu akaja na tochi, akanyamaza muda mrefu. Na pete inapanda na kushuka kama alivyosema kaka wa Makunduchi.

Ya kichuguuni imeacha unga wa rangi ya waridi hafifu, karibu na rangi ya ganda la kitunguu. Mmoja nimeuchimba kwa jembe: mzizi umeshuka kuliko urefu wa mkono wangu mpaka kiwiko, ukazidi kuwa mwembamba, ukanikatikia bila kufika mwisho. Kikombe sijakiona.

Maalim wa Baiolojia

Umefanya kazi nzuri sana. Kijani ndiyo hukumu ya ule wa uwanjani: ni Chlorophyllum molybdites, umeenea nchi zote za joto. Wakati kofia bado changa kurasa zake za chini huwa nyeupe, ndiyo maana watu wanadanganyika. Kijani huja baadaye.

Waridi inakubaliana na uyoga wa kichuguuni, lakini isikutoshe peke yake, kwa sababu wapo wengine wenye unga wa waridi na wana sumu. Umepata unga, mzizi, ncha na mahali. Vyote vinne vinaelekea upande mmoja. Bado mimi sijauona kwa macho, na kwa picha au maneno siwezi kukuruhusu kula. Fuata ushauri wa Mjukuu, mtafute mzee.

Mama Mamama

Mwanangu, mkipenda ladha bila hofu, jifunzeni kupanda uyoga wa mamama. Majani makavu ya mgomba yanachemshwa, yanapozwa, yanapangwa na mbegu ndani ya mifuko, chumba chenye giza na unyevu, kwa wiki kadhaa unachuma. Mimi nauza kwa majirani na nnajua nilichopanda. Mbegu nunua kwa anayejulikana, mbegu mbovu inaota ukungu.

Mgeni wa Konde

Nawaletea mwisho wake, kwa sababu mlinisumbukia.

Mkwe wangu mwenyewe, alipoiona karatasi ya kijani, ndiye aliyefukia uyoga wa uwanjani nyuma ya choo. Hakusema kitu kuhusu thomu. Kisha akajifunga kanga akaenda kumwita bibi mmoja wa nyumba ya tatu, mtu mzima sana, aliyechuma kwenye kichuguu chetu tangu kabla mume wangu hajazaliwa.

Bibi alikuja na kijiti. Alipiga magoti, akawa anachimba mmoja mmoja taratibu, anafuata mzizi, anavunja kipande cha mguu, ananusa, anaweka kwenye pakacha. Kwenye kichuguu hakukataa hata mmoja. Lakini mitatu niliyoichuma mimi hatua mbili pembeni, chini ya mkarafuu, ambayo kwangu ilikuwa sawa na mingine yote, aliishika akaigeuza, akaniuliza, "Hii umeitoa wapi?" Tukaenda naye pale pale, akachimba mmoja uliobaki. Hauna mzizi. Umeishia kwenye majani makavu tu. Akaitupa yote, akaniambia nikanawe.

Iliyobaki tumeipika kwa tui na chumvi, bila kitu kingine, kama alivyotaka. Bibi alikula wa mwanzo. Mimi nimeonja vijiko vitatu; utamu wake unafanana na nyama ya kuku iliyochemka muda mrefu. Mtoto hatukumpa, amekula wali na dagaa, akalalamika.

Kofia mbili mbichi zimo kwenye karatasi juu ya kabati, na saa tuliyokula nimeiandika pembeni: saa saba na robo mchana.